UZI MAALUMU: Betta wako anaumwa? Pima maji kwanza kabla hujakimbilia dawa

MwanaTangi (Tanga)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache kuna mtu anaweka picha ya betta amelala chini ya tangi, mapezi yamejikunja, halafu swali ni lile lile: nimpe dawa gani? Majibu yanamiminika. Huyu anasema chumvi, yule anasema tetracycline (antibiotiki ya binadamu), mwingine anasema pandisha joto. Hakuna anayeuliza maji yana amonia kiasi gani. Naandika kwa urefu leo ili tukiulizwa tena tuelekeze watu hapa. Nikienda kombo, wenye uzoefu nyoosheni.

Tuanze na samaki mwenyewe. Betta splendens asili yake ni Thailand na majirani zake, kwenye mashamba ya mpunga, madimbwi na mifereji yenye maji ya uvuguvugu na majani mengi. Thailand walimtangaza rasmi kuwa mnyama wa maji wa taifa mwaka 2019. Ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama tunavyovuta sisi, kwa hiyo maji yenye oksijeni kidogo hayamtishi. Hapo ndipo wauzaji walipopata kisingizio cha kumweka kwenye gilasi. Lakini kuvuta hewa hakumkingi na amonia. Shamba la mpunga lina kina kifupi, sawa, ila upana wake ni ekari kwa ekari. Kwenye chombo cha lita 2 uchafu wake hauna pa kwenda.

Vitu vitatu vya kupima ni amonia, nitriti na nitrati. Amonia inatoka kwenye kinyesi, chakula kilichobaki, na kwenye matamvua ya samaki mwenyewe. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa haijarundikana. Tangi jipya halina hao bakteria. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Sasa wewe umenunua tangi Jumamosi, samaki Jumamosi hiyo hiyo, na watoto wanamlisha kila wakipita. Wiki ya pili anajikunja. Unaambiwa ni kuvu, unanunua dawa ya kuvu. Kumbe anaunguzwa na maji.

Tangi lililokomaa husoma amonia 0, nitriti 0, na nitrati isizidi 20 hadi 40, zote kwa miligramu kwa lita. Amonia ikisoma chochote juu ya sifuri, weka chini chupa ya dawa na ubadilishe maji.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Maji ya visima vingi vya Unguja na Mombasa yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi na pH yake (namba inayoonyesha maji yana uchachu au magadi) iko juu. Betta mwenyewe atazoea pH ya 7.5 hata 8 ikiwa haibadiliki ghafla, asikutishe mtu. Tatizo ni kwamba pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu kali inaongezeka karibu mara 10. Uchafu ule ule ambao mwenzako mwenye maji laini anaupita salama, kwako unaua. Na tuache kupamba matangi kwa matumbawe na makome tuliyookota ufukweni, yanazidisha hiyo chokaa taratibu kila siku.

Tangi lenyewe: lita 20 ndiyo napendekeza, chini ya 10 usihangaike. Mfuniko ni lazima, maana huyu anaruka, na pia hewa anayoivuta ikiwa ya baridi kuliko maji inamsumbua. Filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa vinatosha. Mkondo mkali unawachosha, hasa wale wa mikia mirefu. Sponji usiioshe kwa maji ya bomba. Iminye kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, vinginevyo klorini itawaua bakteria uliowalea wiki zote hizo.

Badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo ya wazi siku nzima klorini iruke, au utumie dawa ya kuondoa klorini. Kama mtaani kwenu wanatia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kulaza ndoo hakusaidii, hapo ni dawa tu. Na maji ya simtanki la juu ya paa saa nane mchana yana joto la kuogea, yaache yapoe kwanza.

Chakula: ni mla nyama. Punje mbili tatu asubuhi, mbili tatu jioni, siku moja kwa wiki asile kabisa.

Magonjwa nitayaweka kwenye koment inayofuata, nimeshiba kuandika.

Kinyonga wa Kigamboni

Mkuu samahani, huyu samaki analiwa?

MwanaTangi (Tanga)

Ana urefu wa kidole. Utashiba picha tu.

Mama Nasra (Unguja)

Assalam aleikum ndugu zangu. Uzi umekuja wakati wake. Mimi nna betta mwekundu, mwanangu kanunuliwa na mjomba wake. Tangi la lita 15, lina kama wiki mbili tatu hivi. Tangu juzi anapanda juu kuvuta pumzi kila mara, matamvua mekundu sana, mapezi kayakunja. Chakula anakitazama tu. Dukani wanasema ni kuvu, wamenipa chupa ya dawa ya bluu. Niitie?

Fundi Filta (Mwanza)

Dada, kuvu hiyo. Tia dawa haraka, na chumvi vijiko vitatu.

MwanaTangi (Tanga)

Waaleikum salaam dada. Usitie kwanza. @Fundi Filta, kuvu unayaona kwa macho, ni manyoya meupe juu ya kidonda. Hakuna mahali dada ametaja manyoya. Matamvua mekundu, kuhema juu, tangi halijafikisha mwezi: hiyo harufu ni ya amonia au nitriti. Hiyo dawa ya bluu ikiwa ni methilini bluu, kwenye tangi lenye filta itawadhuru hao bakteria wachache waliokwishaanza kuota, utakuwa umezidisha.

Tafuta karatasi za kupimia au chupa za matone, pima amonia, nitriti na pH, utuletee namba. Kama huna kipimo usiku huu, badilisha nusu ya maji sasa hivi kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto sawa na ya tangini. Kosa la kubadilisha maji safi halipo.

Kocha Kobe (Kasarani, Nairobi)

Niaje wadau. Huku kwetu shida si amonia, ni baridi. Hii Julai asubuhi unapima maji unakuta digrii 18. Samaki anakaa kama ameganda, hali, halafu akapata madoadoa. Kuna mtu aliniambia betta haitaji hita kwa sababu ni samaki wa Afrika joto. Ni ukweli?

MwanaTangi (Tanga)

Kwanza si wa Afrika. Pili, betta anataka digrii 24 hadi 28. Dar na Mombasa maji yanajifikisha yenyewe, ila Nairobi, Arusha, Mbeya, Iringa, Njombe, hita si anasa. Kwa lita 20, hita ya wati 25 hadi 50 yenye kujizima yenyewe inatosha, pamoja na kipimajoto cha pembeni maana namba iliyoandikwa kwenye hita si ya kuaminiwa. Baridi haimuui moja kwa moja. Inazubaisha kinga ya mwili, halafu vimelea vinapata nafasi.

Na hayo madoadoa yako ndiyo yananipeleka kwenye sehemu ya magonjwa. Naanza na "vitu vyeupe", kwa sababu hapo ndipo samaki wengi wanakufa kwa dawa isiyo yao. Kuna vinne, na tiba ya kimoja ni mauti kwa mwenye kingine.

Madoa meupe. Mdudu wake ni Ichthyophthirius multifiliis, kimelea cha seli moja. Ni vidoa vidogo vilivyoinuka, unaweza kuvihesabu kimoja kimoja kwenye mapezi na mwilini, na samaki anajikwaruza kwenye mawe. Kile kidoa ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na humo dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka chini, kinajifunika ganda, kinajigawa mamia, na watoto wanatoka kuogelea wakitafuta samaki. Hapo tu ndipo dawa inapowapata. Mzunguko huo kwenye digrii 27 au 28 huisha kwa siku chache, kwenye maji baridi ya Kasarani unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tunapandisha joto polepole hadi 29 au 30, na kuongeza hewa: tunawaharakisha watoke. Chumvi gramu 1 hadi 3 kwa lita, au dawa ya malakaiti ya kijani kwa kipimo cha kwenye chupa. Usiache siku madoa yanapopotea, endelea angalau wiki moja zaidi. Wanaosema "ugonjwa umerudi" wengi wao haukuwa umeondoka.

Vumbi la dhahabu. Huyu ni Piscinoodinium, na kwa taa ya kawaida humwoni. Zima taa ya chumba usiku, mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona kama amepakwa bizari ya manjano, hasa nyuma ya kichwa na mgongoni, ndiye. Samaki anahema haraka, anajikunja, hali. Kimelea hiki kina chembe za kijani kama za mmea na kinasaidiwa na mwanga, kwa hiyo funika tangi kwa shuka, pandisha joto kidogo, na tiba yake ya uhakika ni dawa ya shaba. Angalizo: shaba inaua konokono na kamba wote, watoe kwanza. Huyu anaua haraka kuliko madoa meupe, usisubiri wikiendi.

Utando wa kijivu. Hapa ndipo penye mtego. Flavobacterium columnare ni bakteria, lakini watu wanamwita kuvu kwa sababu anafanya utando mweupe wa kijivu mdomoni, au kama tandiko lililokaa mgongoni karibu na pezi la juu. Doa lina kingo, linapanuka mbele ya macho yako, asubuhi na jioni si lile. Aina kali inaua ndani ya siku moja hadi tatu. Na huyu anapenda joto! Ukipandisha hadi 30 ukidhani ni madoa meupe umemsaidia adui. Huyu unamshushia hadi 24 au 25, maji safi, chumvi, na hapa kweli antibiotiki inahitajika mapema.

Kuvu wenyewe. Manyoya ya pamba, karibu kila mara juu ya kidonda au mahali palipokufa tayari. Mtoe samaki kwenye chombo cha pembeni, methilini bluu humo, halafu utafute nini kilimjeruhi.

Kocha Kobe (Kasarani, Nairobi)

Asante sana boss. Yangu yanahesabika kabisa, na anajikwaruza kwa hita. Sasa stima ikipotea je? Huku inaweza kwenda masaa sita.

Fundi Filta (Mwanza)

Zungushia tangi blanketi, tia chupa ya maji ya moto iliyofungwa ielee, ibadilishe ikipoa. Usimlishe mpaka umeme urudi. Hewa si shida kwake, anavuta juu. Ila kwenye ile digrii 30 ya tiba, umeme ukikatika usiku joto linashuka ghafla, bora ubaki 28 iliyotulia na utegemee chumvi.

MwanaTangi (Tanga)

Hapo Fundi umesema. Niongeze kuhusu chumvi, maana inatumika ovyo. Chumvi haipandi na mvuke. Maji yakipungua kwa jua, chumvi imebaki yote tangini. Ukiwa na lita 20 zenye chumvi na umebadilisha lita 5, unaweka chumvi ya lita 5 tu. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 4 ni kiasi cha kati, ifute kwenye kikombe cha maji kwanza, usimwage punje juu ya samaki. Siku 10 zikifika, ipunguze kwa kubadilisha maji. Mimea mingi ya majini haiipendi. Na lile la madini joto kwenye chumvi ya jikoni, kiasi chake ni kidogo mno kumdhuru samaki, ila ya mawe isiyochanganywa kitu ukiipata ni nzuri.

Mama Nasra (Unguja)

Nimepata kipimo kwa jirani. Amonia 1, nitriti 0.5, pH 8.2, joto 29. Maji nimeshabadilisha nusu jana usiku, hizi ni namba za leo.

MwanaTangi (Tanga)

Basi huyo haumwi kuvu wala nini, anaishi kwenye sumu, na kwa pH hiyo ni sumu kweli. Fanya hivi dada: nusu tena sasa hivi, kisha theluthi kila siku mpaka amonia na nitriti visome sifuri siku tatu mfululizo. Chakula usimpe kesho na keshokutwa, hafi njaa. Kwa ajili ya nitriti weka chumvi kijiko kimoja cha chai kwa tangi zima, kloridi iliyomo kwenye chumvi inazuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Na kama una mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake, uweke kwenye filta yako. Bakteria watakuja nacho. Dawa ya bluu ihifadhi kabatini.

Duka la Dawa Temeke

Uzi mzuri mkuu, lakini hapo kwenye antibiotiki umepita haraka. Mimi nauza dawa, watu wanakuja kila wiki kununua tetracycline za kapsuli kwa ajili ya samaki, wanafungua wanamwaga tangini. Wanasema wanapona.

Daktari wa Punda (Morogoro)

Nimesoma kimya kimya sasa niingie. Mkuu wa dawa, kwanza hizo kisheria zinatoka kwa cheti, hilo unalijua kuliko mimi. Pili, tetracycline inashikana na kalsiamu na magnesiamu. Kwenye maji ya chokaa ya Dar na visiwani sehemu kubwa ya hiyo kapsuli inafungwa kabla haijamfikia samaki, na kilichobaki mwanga unakivunja. Tatu, kinachofanya kazi kinapiga na bakteria wa filta, amonia inapanda, samaki anakufa siku ya nne na mwenye samaki anasema ugonjwa ulikuwa mkali. Nne, kipimo cha kukisia ndicho kinacholea bakteria sugu, na hao hawabaki tangini, maji unayamwaga bustanini.

Wale "wanaopona" waulize kama siku hiyo hawakubadilisha maji pia.

Duka la Dawa Temeke

Daktari, maneno mazuri. Lakini mwenye samaki wa elfu chache atalipa daktari wa mifugo kiasi gani?

Daktari wa Punda (Morogoro)

Swali la haki. Ndiyo maana nakubaliana na mwenye uzi, asilimia tisini ya kazi ni maji na kutenga mgonjwa, na hiyo haina bei. Antibiotiki ibaki kwa utando wa kijivu na vidonda vinavyochimba mwili, na umuulize mtu aliyesomea. Vyuo vya mifugo vipo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hapa Morogoro, na kampasi ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete kwa wa Nairobi. Ugonjwa wa ndani hata ukitia dawa kwenye maji haifiki vizuri, inatakiwa ichanganywe na chakula, na kipimo cha hivyo si cha kukisia jikoni.

Bi Kizee wa Makorora

Nyie mnaongea malakaiti na shaba, majani ya mkungu hamuyataji? Huku Tanga yanafagiwa kila asubuhi.

MwanaTangi (Tanga)

Shikamoo bibi. Nilikuwa naelekea huko. Mkungu wetu huu huu, Terminalia catappa, ndio majani yanayouzwa kwa dola kwenye maduka ya mtandaoni Ulaya na Marekani kwa wafuga betta. Wafugaji wa Thailand wanayatumia tangu zamani. Sisi tunayachoma.

Chukua jani lililodondoka lenyewe, limekauka na kuwa kahawia. La kijani hapana. Mti usiwe kando ya barabara kuu wala karibu na mahali panapopulizwa dawa ya mbu. Lioshe vumbi, lilaze tangini, jani moja kubwa kwa lita 20 hivi. Siku ya kwanza linaelea, kisha linazama na maji yanapata rangi ya chai. Ni tanini hiyo. Mwanga unapungua, samaki anatulia, anajilaza juu ya jani. Majaribio ya maabara yameonyesha maji ya majani haya yanapunguza kasi ya baadhi ya bakteria wa samaki. Likianza kubaki mishipa mitupu, litoe utie jingine.

Lakini tusilipe sifa lisizo nazo. Kwenye maji ya chokaa halitashusha pH kwa maana yoyote, na jani haliponyi utando wa kijivu wala vumbi la dhahabu. Ni la kinga, na la mapezi yaliyochanika yakiota upya.

Bi Kizee wa Makorora

Marahaba mwanangu. Na hayo mapezi ya kuchanika ndiyo ya mjukuu wangu. Mkia umeliwa, kama umekatwa.

MwanaTangi (Tanga)

Bibi, mwambie mjukuu atazame kingo. Mkia ukioza, kingo huwa nyeusi au nyekundu, au zina utando mweupe, na unapungua kidogo kidogo kila siku kuelekea mwilini. Ukikatika kwa mkupuo usiku mmoja, kingo safi, kipande kimetoka cha mviringo, samaki amejing'ata mwenyewe. Wale wa mkia mpana wanafanya sana, mkia ni mzito kuubeba, wengine kwa mkondo mkali au kwa kujiona kwenye kioo. Na ukichanika kwa mstari, kuna pambo lenye ncha humo ndani. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila pambo, ikikwama, pambo litoke.

Mkia unaooza unataka maji safi kila siku mbili, jani la mkungu, na chumvi ile ya kijiko kwa lita 4 kwa siku zisizozidi 10. Mapezi mapya yanaota yakiwa meupe ya kuonyesha nyuma, mjukuu asiyadhanie kuvu.

Sele Viluwiluwi (Tabata)

Vipi kuhusu tumbo kuvimba? Wangu anaogelea upande.

MwanaTangi (Tanga)

Mtazame kutoka juu. Magamba yamelala? Basi ni choo kimefunga au kibofu cha hewa kimebanwa. Njaa siku mbili tatu, kisha viroboto wa maji ukiwapata. Njegere wanazosifu watu si chakula cha mla nyama. Magamba yamesimama, kila moja limetengana na mwenzake? Hapo figo zimeshashindwa kutoa maji mwilini. Mtenge, chumvi ya magnesiamu kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, na usijipe matumaini makubwa. Akiwa anateseka kuna njia ya utu: mafuta ya karafuu, yatikise kwanza kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, mmiminie polepole mpaka alale, kisha ongeza hadi matone 10 hivi kwa lita, umwache nusu saa baada ya matamvua kusimama. Usimmwage chooni akiwa hai.

Sele Viluwiluwi (Tabata)

Yamelala, afadhali. Mimi namlisha viluwiluwi vya mbu kutoka mtaroni, anavishindilia mpaka basi.

Daktari wa Punda (Morogoro)

Jina na kazi vinafanana. Viluwiluwi ni chakula bora, ila vya mtaroni vinakuja na vimelea na oili ya magari. Weka ndoo yako safi yenye majani kidogo, uchote kila siku kwa chujio la chai. Usiache hata mmoja akapata mabawa. Dar ilishaona dengi 2014 na 2019, hatutaki uanze kiwanda. Na kiasi kiwe vitano sita, tumbo lake ni dogo.

Mengine mawili nisisahau. Samaki mpya mtenge wiki 3 au 4 na wavu wake. Na kuna betta anayekonda huku anakula, mgongo unapinda, vidonda havifungi. Huyo anaweza kuwa na kifua kikuu cha samaki, Mycobacterium marinum, na hiki kinaingia kwa binadamu kupitia mkono wenye jeraha. Kinaota vinundu vya polepole kidoleni au mkononi. Ukiwa na kidonda vaa glovu, maji usiyavute kwa mdomo kwenye mpira, na ukienda hospitali na kinundu kisichopona mwambie daktari unafuga samaki. Asipoambiwa hatakifikiria.

Kinyonga wa Kigamboni

Nimerudi kwa adabu. Nimemnunua mmoja baada ya kusoma hapa. Muuzaji alisema ni mweupe, sasa anageuka bluu kuanzia kichwani. Nimeshatia chumvi na jani.

MwanaTangi (Tanga)

Jani liache humo, chumvi itoe. Anakula? Anakufuata ukipita? Huyo ni wa madoa ya marumaru, wanabadilika rangi maisha yao yote, unaweza kumaliza mwaka ukiwa na samaki mwingine kabisa. Unachotakiwa kutuletea hapa ni namba ya amonia. Tangi lina muda gani?